Rili Iliyonuka Kwato

Mashimba aliifungua ile rili kubwa kama mtu anayepanua kinywa cha fahali mnadani. Kwa bisibisi aliyoazima kwa fundi redio wa kibanda cha pili, alitoa kifuniko cha ubavuni, akaingiza kidole, akapapasa, kisha akainua uso kumtazama mpwa wake.

"Imezeeka," alisema kwa huzuni ya kweli, maana ndiyo aliyokuwa ameipenda. "Meno yamelika."

"Mjomba, tumekuja kununua kifaa cha kuvulia samaki," Silasi alisema.

"Ng'ombe ananunuliwaga kwa meno. Na hiki kina meno. Sasa ulitaka nishike nundu?"

Mwanaupe, mwenye kibanda, alicheka mpaka mtandio ukamwangukia mabegani. Mama huyu anauza mitumba ya michezo karibu na soko la Musoma: raketi, helmeti, viatu vya kuteleza juu ya barafu ambavyo watu huvigeuzageuza na kuvirudisha bila kuuliza. Katika robota la mwisho zilikuwemo rili tatu za zamani, vile vikunjio vya uzi vinavyofungwa kwenye shina la fimbo ya kuvulia. Fimbo yenyewe, nyembamba kama ufito wa mtama, Silasi alikuwa ameshaichagua. Ilibaki rili.

Silasi ni mfamasia wa Bunda, na kazi yake imemzoesha kutoamini kitu ambacho hakijapimwa. Kwao ni ng'ombe na pamba. Hakuwa amewahi kuvua hata dagaa, na asingefika kwenye kibanda kile kama si Bibi Marieta.

Bibi Marieta ndiye aliyemlea Yunis, mchumba wake. Alizaliwa Kiriba, ziwani, akaolewa Butiama, mahali ambapo maji makubwa aliyoyakuta yalikuwa lambo la kijiji. Siku ya posa, wazee wa pande zote mbili walipokwisha kukubaliana na soda zimeshafunguliwa, bibi aligonga chupa yake kwa kijiko.

"Huyu anataka kuwa mume wetu," alisema, kwa kuwa yeye na mjukuu wake wanaitana wake wenza. "Vizuri. Aniletee ngege. Sitaki sangara, sangara hata mwizi anavua. Ngege wa kiganja kimoja, wa lambo letu, kwa ndoano, na mimi nikimwangalia. Na mdomo wa samaki usichanike."

Watu walicheka, Silasi naye akacheka. Yunis hakucheka. Walipotoka nje alimweleza kwamba mume wa Helena, dada yake mkubwa, aliambiwa maneno yaleyale akayachukulia utani. Alinunua ngege sokoni Musoma. Bibi alimfunua samaki mashavu, akamrudisha kwenye mfuko, na siku ya harusi akabaki nyumbani anapukuchua karanga. Katika picha zote za harusi ya Helena kuna kiti kitupu pembeni ya mama yao.

"Mimi sitaki mahari zaidi wala gauni zaidi," Yunis alisema. "Nataka kile kiti kiwe na mtu."

Kwanza Silasi alijaribu ufito na uzi wa kawaida. Hesabu ilimkatalia. Ngege wa lambo lile hukaa nyuma ya ukanda wa magugu, mbali na ukingo, na mtumbwi hauruhusiwi. Chambo lazima kirushwe, tena kiwe chepesi, maana kikiwa kizito hutumbukia kwa kishindo na samaki wakatawanyika. Maji ni maangavu, uzi mnene wanauona. Kwa hiyo uzi uwe mwembamba. Na uzi mwembamba hukatika samaki akikurupuka, isipokuwa rili iwe na breki laini inayouachia kidogo kidogo kabla haujafika mwisho wa nguvu zake. Alikuwa amesoma yote hayo, na alikuja Musoma na mzani mdogo mkobani.

Rili kubwa ilipita nusu kilo. Kwenye fimbo ile ingekuwa kama kumfunga mbuzi kengele ya kanisa. Ya pili ilifanana na kikombe chenye mfuniko. Ndani springi ilikuwa imeoza kwa kutu. Ya tatu ilikuwa ndogo, rangi ya majivu, na haikuzunguka kabisa.

"Hiyo nakupa bure, kampe mtoto achezee," Mwanaupe alisema.

"Sina mtoto, dada."

"Utapata, bibi akikubali."

Mashimba aliichukua bila hamu, akafungua skrubu zake, akachungulia. Halafu akaita kama mtu aliyeona ng'ombe wake aliyepotea.

"Hee! Silasi, njoo uone. Huyu ni ndama!"

Meno ya shaba yalikuwa mazima, kingo zake kali, hakuna hata moja lililolika. Kilichoizuia kuzunguka ni grisi ya miaka mingi iliyogeuka gundi.

"Haijafa. Imelala," Mashimba alisema.

Silasi aliiweka kwenye mzani. Gramu mia moja na tisini. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mzani na kidole cha mjomba vilisema neno moja.

"Tunachukua hii," alisema.

"Kumbe ndama!" Mwanaupe alidakia. "Ndama hapewi mtu bure, wallahi."

"Dada, si umesema wewe mwenyewe?"

"Nilisema ya mtoto. Wewe una ndevu."

Walilipa. Mashimba alibeba mzigo mwenyewe, akiwa ameushika kifuani.

Bunda, katika chumba cha nyuma ya duka la dawa, Silasi aliilaza rili ndani ya mafuta ya taa, akaisugua kwa mswaki, akaitia mafuta ya cherehani. Ilizunguka bila mlio. Breki ndiyo iliyobaki na kiburi. Ilikuwa na visahani vya chuma, na kati yake vipande vya ngozi vya mviringo, vilivyokauka vikawa vigumu kama ukucha. Silasi alifunga kifurushi cha sukari kwenye uzi, akakiachia. Breki ilishika, ikashika, kisha ikaachia kwa mshtuko, na sukari ikamwagika sakafuni. Alirudia. Sukari ikamwagika tena.

"Unalisha sisimizi," Mashimba alisema kutoka mlangoni. "Ngozi inataka mafuta ya kwato."

"Nitatumia mafuta ya mgando, mjomba. Ni safi."

"Safi ni ya midomo yako. Sisi kamba za ngozi za kukamatia ng'ombe tulizilainishaga kwa nini? Kwato zinachemshwa, mafuta yanaelea, unaengua. Ngozi ilitoka kwa ng'ombe, inamkumbuka."

Hoja ya ngozi kukumbuka Silasi aliiacha ipite. Lakini suala lilikuwa linapimika, basi alipima. Alikata vipande viwili kutoka mkanda wa zamani, kimoja akakitia mafuta ya mgando, kingine mafuta ya kwato ambayo mjomba aliyaleta ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Kesho yake kile cha kwanza kilikuwa kinateleza nje na kikavu ndani. Cha pili kilizunguka kidole chake kama pete. Hapo hakukuwa na la kubishania. Alizipaka ngozi za breki mafuta ya kwato, akafunga kila kitu, akaninginiza sukari. Uzi ulitoka polepole, bila kukwama, na kifurushi kikashuka hadi chini kwa utulivu.

"Mwone anavyokaa," Mashimba alinong'ona. "Kama mama mkwe kwenye mkeka."

Kasoro ilikuwa moja: rili ilinuka. Silasi alijaribu sabuni, akajaribu spiriti. Iliendelea kunuka kama jiko la supu.

Jumamosi walipofika Butiama, nusu ya ukoo wa Yunis ilikuwa imeshajipanga kandokando ya lambo na mikeka, mabirika ya chai na maoni. Bibi Marieta alikaa mbele ya wote juu ya kigoda, mwavuli begani. Yunis alikuwa amekatazwa kumshauri mchumba wake neno lolote, ila kumzomea aliruhusiwa.

"Ukishindwa usijali," alipaza sauti. "Bunda wanawake wapo!"

"Wapo, lakini hawana bibi kama huyu," Silasi alijibu, na bibi akatikisa kichwa kukubali kwamba hilo ni kweli.

Alirusha. Ndoano ilirudi nyuma ikachukua kofia ya Mashimba.

"Huyo mkubwa!" bibi alisema. "Mdomo wake ukoje?"

Walipomaliza kucheka, kofia ilikuwa imeshanasuliwa. Safari ya pili chambo kiliruka juu ya magugu, kikatua kimya. Boya dogo lilizama papo hapo. Silasi alikunja uzi kwa haraka, akamwinua samaki mwenye urefu wa kidole.

"Furu," bibi alisema bila hata kusogeza mwavuli. "Mpe paka."

Kisha mambo yakatulia. Chai ilimiminwa ikanywewa. Mashangazi walihama kutoka habari za samaki kwenda habari za majirani. Silasi alirusha, akasubiri, akakunja, akatia nyungunyungu mpya, akarusha tena. Mkono ulianza kumchoka, ingawa rili yenyewe ilikuwa nyepesi. Yunis hakuzomea tena. Alikuwa amesimama, mikono nyuma, na Silasi alijua kwamba moyoni anakitazama kile kiti kitupu cha kwenye picha.

Boya halikuzama. Lilitambaa pembeni taratibu, dhidi ya upepo. Silasi aliinua fimbo, na fimbo ikapinda mpaka karibu na kiwiko chake.

"Usivute! Usivute!" akapiga kelele Mashimba, ambaye hakuwa amekatazwa kushauri.

Silasi hakuvuta. Samaki aliondoka kuelekea katikati ya lambo, na rili ikaachia uzi kwa mlio mwembamba, laini, usiokatika, kama ilivyoachia sukari. Samaki alipopumzika, Silasi alikunja. Aliposhtuka tena, ngozi zikamwachia tena. Uzi ambao mtoto angeukata kwa meno ulimrudisha kidogo kidogo, akapita juu ya magugu, akafika kwenye matope ya ukingo, akapiga mkia: ngege mpana wa kiganja, mgongo wa kijani iliyoiva.

Vigelegele vilianza. Bibi aliinua mkono, vikakoma.

Alimshika samaki kwa mikono miwili, akamfunua mdomo, akaugeuzia kwenye mwanga. Mashimba naye, asiweze kujizuia, aliinama kuchungulia.

"Unatafuta nini humu?" bibi aliuliza.

"Samahani, bibi. Mazoea. Sisi tunaangaliaga meno."

"Basi hesabu na yangu." Bibi alipanua kinywa. Yalikuwa mawili. "Haya, unaninunua?"

Mashimba alitazama kwa makini ya mnadani, akasimama wima, akavua kofia. "Bibi, wewe ni wa kufuga, si wa kuuza."

Bibi alicheka mpaka akalazimika kumkabidhi Yunis samaki. "Mdomo mzima," alisema alipopata pumzi. "Mmeona wote? Mzima." Ndipo vigelegele viliporuhusiwa. Yunis alipiga chake huku amemkumbatia ngege kifuani, na gauni lake jipya likalowa na kujaa magamba bila yeye kujali.

Bibi alikuwa ameshaichukua fimbo. Aliizungusha rili, akasikiliza, akavuta uzi kwa vidole kuionja breki, kisha akaisogeza puani.

"Mbona inanuka kwato?"

Silasi alieleza: ngozi kavu, uzi mwembamba, mkanda uliokatwa vipande viwili, matokeo. Alieleza kama anavyoeleza namna ya kutumia dawa, bila kuongeza wala kupunguza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ng'ombe wenu anajua kuvua," alisema. Alichukua nyungunyungu mwenyewe, akageuka na kurusha. Chambo kilikwenda mbali kuliko vyote vya Silasi.

Jua lilipanda. Ugali ulikuwa tayari na ngege wa kwanza ameshakaangwa, lakini kigoda kilikuwa bado kitupu na mwavuli uko chini.

"Bibi, chakula!" Yunis aliita. "Na hujajibu. Harusini utakuja?"

"Nitakuja. Nitakaa pale mbele kabisa nionekane. Lakini jioni mnirudishe mapema, ngege wanakula jioni."

Silasi alitazama rili ya rangi ya majivu ikizunguka chini ya mkono mkavu wa bibi, akaelewa kwamba haitarudi Bunda. Mashimba, pembeni yake, alikuwa ameshaelewa zamani.

"Ndama ameolewa," alisema. "Twende tukale."

Hawakufika mbali. Nyuma yao breki ilianza kulia, laini na ndefu, na sauti ya bibi ikapanda juu yake:

"Mume wetu! Leta kikapu!"