Mkungu Uliohamahama

Ijumaa ile baada ya swala Sheikh Mfaume hakupindisha maneno. "Masika haya Msimbazi hauna simile. Ukingo unamegeka, na makaburi yetu ya bondeni ndiyo yanayofuata. Mwenye maiti wake pale, akiwa na yakini ya kaburi, aje kesho asubuhi tumhamishe kwa heshima. Asiye na yakini asiguse. Hatuwafukui wazee wa watu kwa kubahatisha."

Kondo mchoraji alisikia neno hilo la yakini likimkwama kifuani kama tonge kavu. Mama yake alikuwa amelala pale mwaka wa thelathini na nane sasa, hatua saba kutoka kwenye mti wa mkungu, upande wa kibla. Lakini mafuriko ya mwaka juzi yaliung'oa mkungu na mizizi yake, yakazoa mawe yote ya vichwani, yakamwaga mchanga juu ya uwanja mzima. Pakabaki tambarare kama mkeka.

Jioni dada yake, Bi Hamisa, alifika kutoka Pugu na doti mpya ya kanga ya kumfunikia mama. Yeye siku ya maziko alibaki ndani na wanawake wenzake, kama ilivyo ada, na miaka yote iliyofuata alikuwa akiomba dua juu barabarani, hashuki bondeni.

"Wewe ndo wa kutuonyesha," alimwambia Kondo. "Umekaa na mto huu kuliko ulivyokaa na mkeo. Marehemu mkeo mwenyewe alikuwa akisema, nikifa nizikeni mbali na maji, nisije nikagombea kiwanja na huyu mto, mke mwenzangu."

Kondo akacheka, maana ilikuwa kweli tupu. Tangu ujana hakuwahi kuchora mahali pengine. Masika na kiangazi alikaa kwenye jiwe lile lile, upande wa Tabata, akauchora Msimbazi ukiwa umejaa, ukiwa uzi, ukiwa na povu la viwandani, ambalo alilipaka buluu.

"Usihofu, dada. Picha zangu zinaujua ule mkungu ulipokuwa."

Wakazitoa uvunguni, picha tisa, wakaziegemeza ukutani barazani. Bi Hamisa alikuwa mtu wa kuangalia. Alizipitia zote, akarudi mwanzo.

"Kondo."

"Naam, dada."

"Hapa mkungu uko kushoto kwa jiwe la wafuaji. Hapa uko kulia. Hapa umevuka mto kabisa. Mti huu ulikuwa na miguu?"

Kondo akakaa chini. "Hiyo picha ilikuwa inaelemea upande mmoja. Nikausogeza."

"Na hii?"

"Hapo ulikuwa unaziba maji."

"Na makaburi? Sioni hata moja."

Ilibidi aseme. Picha yake ya kwanza ilikuwa na makaburi. Mzee Zoeb, mwenye duka la fremu kule Kariakoo, aliipenda sana, kisha akasema, "Kazi safi, Kondo, lakini nani atatundika makaburi sebuleni? Toa hayo, weka nyasi." Akatoa. Akazoea kutoa. Ikafika wakati hata akiwa pale jiweni, jicho lenyewe liliona nyasi.

"Kwa hiyo mama umempandia nyasi," Bi Hamisa akasema, akaingia ndani kutia udhu.

Kesho yake asubuhi familia tatu zilikuwa zinafukua watu wao taratibu, sanda mpya mkononi, mbele ya Sheikh. Kondo alitembea juu ya mchanga amefumba macho. Alijaribu kukumbuka siku aliposhuka mwenyewe kaburini kumpokea mama. Maji yalikuwa yakisikika mgongoni. Lakini mto nao ulikuwa umehama tangu siku ile. Akasimama mahali. Bi Hamisa, aliyeshuka bondeni kwa mara ya kwanza, akaanza kukunjua kanga.

"Hapa?" Sheikh akauliza.

"Nadhani hapa."

"Nadhani si neno la leo. Waweza kuapa?"

"Sema ndiyo, Kondo," Bi Hamisa alinong'ona. "Nakuomba. Sema tu, Mungu ndiye ajuaye."

Kondo akautazama mchanga. Ilikuwa rahisi mno. Hatua mbili kushoto, mambo yakae sawa. Ndivyo mkono wake ulivyofanya maisha yake yote. Ila chini pale huenda alilala mama wa mtu mwingine.

"Sina yakini, Sheikh."

Bi Hamisa aliikunja kanga pindo kwa pindo, kama anaikunjia sandukuni. "Basi mama mwachie mto wako," akasema. "Ulishampa zamani." Akapanda barabarani bila kugeuka.

Sheikh akawasomea dua wote waliobaki chini ya mchanga, kisha watu wakaondoka na maiti zao. Kondo akabaki, anasoma Yasini peke yake. Karibu na adhuhuri ardhi ikapasuka mbele yake, kipande kikubwa kikateremka polepole, kikaingia majini. Hakuona sanda wala mfupa. Aliona udongo uliokatika upya, mwekundu juu, chini yake kijivu cha njiwa, na maji yakiuvuta ule wekundu kwa uzi mrefu kabla ya kuumeza. Ulikuwa mzuri. Mashallah, ulikuwa mzuri mno.

Ndipo akahisi vidole vya mkono wake wa kulia vinatembea hewani, vinaufuata ule uzi. Akauficha mkono kwapani, akaubana kwa nguvu, akaianza Yasini upya.