Matumbo ya Sayari ya Nane

Filamu ya Matumbo ya Sayari ya Nane ilipopigwa, mwaka 1973, Winifred Hattersley alikuwa na miaka kumi na tisa na hajui kukataa. Aliigiza rubani wa anga anayemezwa na sayari yenye tumbo. Mwongozaji, Leonard Pask, alimwambia tangi la kuigizia tumbo hilo limejaa mpira na uji wa rangi. Alipotumbukizwa akakuta matumbo ya ng'ombe, ya kweli, kutoka machinjioni, yamekaa siku tatu chini ya taa za moto. Funza wakampanda shingoni. Akatapika, na kamera haikusimama.

Sinema haikuvuma. Miaka mingi baadaye vijana wakaifukua, wakaipenda kwa vituko vyake, na kampuni ndogo ya London ikaamua kuitoa kwenye DVD. Winifred, sasa mwalimu mstaafu huko Huddersfield, akaalikwa studioni aketi na Pask, wasimulie kumbukumbu zao huku filamu ikienda, sauti zao zirekodiwe na kuingizwa kwenye DVD hiyo.

Ilipofika sehemu ile ya tangi, uvundo ulimrudia puani, mzito, mtamu kwa namna ya kuchefua. Kando yake Pask alikuwa akicheka hadi meno ya bandia yakamcheza.

"Tazama uso huo. Mtu hafundishwi kutapika vile."

"Ulijua ni matumbo," Winifred alisema.

"Tulijua wote, mpenzi. Isipokuwa wewe."

"Niliharisha wiki mbili, Leonard. Mama alizichoma nguo zangu uani. Hukuja hata kunijulia hali."

"Aa, Winnie, usituharibie. Watu wananunua hii wafurahi."

"Basi wafurahi wakijua. Wewe ni mchafu kuliko yale matumbo. Yale angalau yalinitoka kwa sabuni."

Pask akavua visikizio, akataka maneno hayo yafutwe. Priya, binti aliyekuwa akirekodi, hakuinua macho kutoka kwenye mitambo.

"Sifuti, Bwana Pask. Yeye amesema yake, wewe umesema yako."

DVD ikatoka na maneno yote ndani. Winifred alidhani sasa atapumua. Barua ya kwanza ilitoka kwa bwana mmoja wa Swindon: ugomvi wao ulimvunja mbavu kuliko filamu yenyewe, na je, angeweza kupata picha ya Winifred akiwa ndani ya tangi, yenye sahihi?

Winifred aliishika barua kwa ncha za vidole, akaitupa jalalani. Akanawa mikono. Akavinusa vidole, akanawa tena.