Kicheko cha Mlangoni

Sajenti alistaafu jeshi akiwa na mambo mawili ya kujivunia: kiuno kisichonenepa, na sauti nzito ambayo ukiisikia mara moja huisahau tena. Kiuno ndicho kilichomponza. Mwaka wa nne wa kustaafu kilizidi kusinyaa, na siku alipopata mwaliko wa kwenda kumuaga kapteni wake wa zamani aliyekuwa anastaafu, alijaribu suruali ya sare mbele ya kioo ikamteremka mpaka magotini. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, alicheka mpaka akaishiwa pumzi.

"Baba watoto, hiyo ipeleke kwa fundi. La sivyo utampigia mwenzio saluti huku umeshikilia suruali kwa mkono wa pili."

Akamwelekeza kwa fundi mmoja mwanamke, mgeni mtaani, aliyefungua chumba cha kushonea nyuma ya duka la rangi na misumari.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, lakini kimepangwa kikapangika. Vifungo vilikuwa ndani ya chupa za dawa, kila rangi na chupa yake. Nguo za wateja zilining'inia kwenye kamba, zimebanwa vikaratasi vya majina. Fundi alikuwa ameinamia cherehani, futi ya kupimia shingoni, pini tatu mdomoni.

"Karibu, kaka," alisema kwa kona ya mdomo, bila kuinua uso.

"Asante, dada. Nina suruali ya kupunguza kiuno. Ni ya jeshi, kwa hiyo naomba mshono usionekane."

Cherehani ikanyamaza. Fundi akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, kisha ndipo akageuka.

"Hiyo sauti," alisema. "Wewe ulikuja kwangu. Mlikuwa wawili. Nyumba ya mlango wa bluu, karibu na shule."

Sajenti, aliyekuwa ameanza kuikunjua suruali, akasimamisha mikono.

Kwa miaka tisa, vita vilipokuwa vimepamba moto mpakani, kazi yake haikuwa kushika bunduki. Yeye na kapteni walikuwa wakipeleka habari majumbani. Wakipewa bahasha asubuhi, wanahakikisha jina mara tatu, wanapiga viatu rangi, wanaondoka. Mtaa ukiliona gari lao, wanawake husimama madirishani wakiomba lipite. Kapteni, ambaye vijana wa kambini walimwita Mzee Polepole kwa mwendo wake, ndiye aliyemfundisha kazi. "Usiseme ametutoka," alimwambia siku ya kwanza. "Mama atakuuliza ametoka kwenda wapi, na wewe utajibu nini? Sema amekufa. Halafu nyamaza. Na wakikupa maji, unywe, hata kama huna kiu."

Sajenti alikunywa maji ya watu kwenye nyumba zaidi ya sitini. Baba mmoja alimrushia kiatu. Mke mmoja alimpiga kapteni kifuani kwa ngumi mpaka akachoka, na kapteni akasimama wima akipokea. Hata hivyo, ukimuuliza Sajenti ni miaka gani ya jeshi anaikumbuka zaidi, atakwambia ni ile. Anamkumbuka kapteni akinunua karanga za kukaanga kituo cha mafuta, mfuko mmoja wa watu wawili, wakila kimya ndani ya gari kama watoto waliotoka kuchapwa. Hajapata tena rafiki wa namna ile.

Sasa, mbele ya fundi, aliikunja upya ile suruali.

"Dada, nisamehe. Nitaipeleka kwingine."

"Uipeleke wapi? Kaa."

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Fundi akarudishia mlango.

"Nimekutafuta, kaka. Nilikwenda mpaka kambini, wakaniambia umestaafu na unakokaa hawasemi. Nina swali moja tu. Ni miaka kumi na moja sasa, na siku ile mimi siikumbuki. Nakumbuka kuanzia jioni, nyumba imejaa watu, dada yangu ananivua viatu. Kabla ya hapo, hakuna kitu. Na nyumbani nilikuwa peke yangu. Nyinyi wawili tu ndio mlioniona." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nafanya nini?"

Sajenti akaiweka suruali chini. Alikuwa amejiandaa kwa laana. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Ulikuwa unacheka," alisema.

"Nilikuwa nacheka?"

"Tulikusikia tangu nje. Ulikuwa unaanika nguo, unaongea na jirani yako wa ng'ambo ya ukuta. Yeye alikuwa anakusimulia kwa mara nyingine jinsi mumewe alivyofua shati jeupe pamoja na soksi nyekundu, likawa la waridi, na akalivaa hivyo hivyo kwenda kazini. Ulicheka mpaka ukakohoa. Mimi nilitaka kubisha, maana utaratibu wetu ulikuwa ukifika, bisha. Kapteni akanishika mkono. Akasema, 'Mwache amalize.' Basi tukasimama pale, kofia mikononi, tukakuacha umalize."

Fundi akavua futi shingoni, akaikunja kiganjani.

"Ulikuja kufungua bado unacheka. Gauni lako lilikuwa la maua ya njano, na vibanio vya nguo umevibana kwenye kola, kama nishani. Ukasema, 'Karibuni, nisameheni, huyu jirani ataniua na vituko vyake.' Ndipo nikataja jina la mwanao, nikakuuliza kama wewe ndiye mama yake."

Fundi akainamisha uso. Kisha mabega ya fundi yakaanza kutikisika, na Sajenti akadhani analia. Alikuwa analia, ndiyo, lakini alikuwa anacheka pia.

"Shati la waridi! Mungu wangu, nilikuwa nimelisahau! Tulimwita Bwana Harusi mwezi mzima kabla ya hapo, na baadaye wakahama, nikakosa wa kunikumbusha." Akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja. "Miaka yote hii nilidhani siku ile nzima ilikuwa ya msiba. Kumbe asubuhi yake nilikuwa nayo."

Baada ya muda akauliza, "Na mwanangu, ulimjua?"

"Hapana, dada. Nilijua namba yake na kikosi chake. Hatukuwahi kumjua hata mmoja."

"Basi leo huondoki na suruali kabla hujamjua."

Akamsimulia. Kijana walimwita Kijiko, kwa sababu alipokuwa mdogo hakulala bila kushika kijiko, na ukimnyang'anya mtaa mzima unajua. Alikuwa mwongo wa kuchekesha. Alikuwa na miguu mikubwa, kila mwaka viatu vipya. Aliogopa kuku. Alipokwenda jeshini aliandika barua akisema mazoezi ni rahisi kuliko kufua shuka za mama yake. Sajenti alisikiliza mpaka jua likahama dirishani, na aliposimama aligundua mguu umekufa ganzi.

Jumamosi aliivaa ile suruali, imemkaa sawasawa. Ukumbini alimkuta kapteni amezeeka ghafla, sikio moja halisikii. Alikaa upande wa sikio zima, akamsimulia yote.

"Yule wa vibanio kwenye kola," kapteni alisema papo hapo. Macho yake yakalowa. "Nilifikiri ni mimi peke yangu ninayemkumbuka."

Waligeuza viti, wakaipa mgongo hotuba ya mkuu wa kikosi. Wakaanza kukumbushana. Ile nyumba ya ngazi za mawe, yule baba aliyekuwa akimfundisha kasuku kusema shikamoo. Yule binti aliyefungua mlango akiwa amejipaka unga uso mzima, akidhani ni kaka yake amerudi kwa likizo. Kila mmoja alikuwa ameibeba nusu yake peke yake miaka yote.

Wiki iliyofuata Sajenti alinunua daftari la kurasa mia mbili. Kila Jumatano kapteni huja kwake, mkewe Sajenti huwawekea chai, nao huandika: mlango ulikuwa rangi gani, nani alifungua, alikuwa anafanya nini, alisema nini kabla hajaambiwa. Zaidi ya hapo hawaandiki. Wamebishana sana juu ya yule kasuku, kama alikuwa wa kijani au wa kijivu, mpaka mke wa Sajenti akawaambia waandike "kasuku" tu yaishe.

Fundi amewatangazia habari za daftari hilo wenzake wa chama cha wazazi wa askari waliokufa vitani. Mpaka sasa wamekuja watu wawili kuuliza walikuwa wanafanya nini.