Vitunguu Saumu vya Kinyozi

Bun-im alilazwa hospitalini mjini Daegu kubadilishiwa goti mwezi wa Oktoba, na kitunguu saumu hakimsubiri mgonjwa. Akampigia simu mumewe, Pil-gyu, aliyekuwa kinyozi miaka arobaini na hajawahi kushika jembe.

"Baba Eun-sil, usipopanda wiki hii, mwakani tutaomba kwa watu."

"Nitapanda. Wewe tibiwa."

Siku ya nne Pil-gyu alikuja kumwona, na matunda mawili ya pea kwenye mfuko. Akaketi, mikono kaitia mifukoni mwa koti. Bun-im akamwomba ammenyee moja.

"Mwambie nesi," akajibu.

Bun-im akageukia ukutani. Hata kumenya pea, jamani?

Alirudi kijijini Novemba, akichechemea na mkongojo. Matuta ya nyuma ya nyumba yalikuwa yamefunikwa majani makavu ya mpunga, nadhifu kama kichwa kilichotoka kunyolewa. Jirani yao, Mama Gyeong-tae, akachungulia juu ya ukuta.

"Mama Eun-sil, karibu! Mikono ya mzee imepona?"

"Mikono ipi?"

"Hee, hukuambiwa? Kavichambua vitunguu vyote vya mbegu bila glavu, utomvu ukamuunguza mpaka ngozi ikabambuka. Nikampa glavu, ananiambia kinyozi bila vidole ni kipofu! Kisha siku mbili yuko magotini anapanda, anaguna kama ng'ombe anayezaa."

Bun-im akaingia jikoni. Pil-gyu alikuwa anakoroga supu. Bun-im akaushika mkono wake, akaufungua: ngozi ya vidole ilikuwa mpya, nyekundu kama ya mtoto.

"Niachie, supu itamwagika."

"Asante, Baba Eun-sil."

Neno hilo halikuwa la kawaida baina yao. Pil-gyu akamkazia macho.

"Goti linauma?"

Machi ilipofika, Bun-im aliondoa majani. Machipukizi yalikuwa yamejitokeza yamepinda, shingo kama za bata bukini. Akafukua kimoja, akamgeukia Pil-gyu.

"Wewe! Umepanda ncha chini?"

"Kwani msumari unaingia kwa upande gani?"

Bun-im alicheka hadi akakaa chini juu ya tuta. Mama Gyeong-tae akaja mbio, akidhani goti limevunjika.

Juni waling'oa. Vilikuwa vidogo, mashina yamepinda kila upande, havifungiki mafungu. Pil-gyu akaleta mkasi wake wa kazi, akakata mizizi kimoja baada ya kingine, taratibu, kana kwamba kila kimoja ni mteja. Bun-im akachoma nyama ya nguruwe, akaifunga kwenye jani la saladi pamoja na kipande cha kitunguu saumu kibichi, akamlisha mumewe kwa mkono, kisha naye akala. Kilikuwa kikali, machozi yakawatoka wote wawili.

Jioni binti yao, Eun-sil, akapiga simu kutoka Busan.

"Mama, niwekee vitunguu kama kila mwaka."

"Vya mwaka huu sigawi," Bun-im akasema. "Nunua sokoni, mwanangu. Hivi amenipandia baba yako."