Betri Iliyokataa Kupoa

Mume wangu Harrison hajui kujisifu, na ubaya huo ndio uliotukalisha ofisini kwa Madam Khairiya siku ya Alhamisi, saa sita mchana, tukiwa tumebakiwa na saa tatu tu. Watu husema ni tabia njema. Mimi nimeishi nayo miaka tisa na nawaambia si njema hata kidogo. Akipika chapati ukamwambia ni tamu, atakuambia unga ulikuwa mzuri.

Ofisi ile ndiko ninakofanya kazi, mimi ni karani. Madam ni wakala wa hataza. Mtu akibuni kitu kipya, yeye humwandikia maombi na kuyapeleka serikalini, na huko mkaguzi huyasoma na kuamua kama kitu hicho kinastahili kulindwa kwa jina la aliyekibuni. Mimi hupanga mafaili na kuwakumbusha wateja siku zao za mwisho. Za wenzangu sijawahi kuzikosea. Safari hii siku ya mwisho ilikuwa ya nyumbani kwangu, na usingizi ulikuwa umenipaa wiki mbili nzima.

Barua ya mkaguzi, ile tuliyotakiwa kuijibu kabla ya saa tisa, ilikuwa mezani. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi mpaka naweza kuikariri. Ilisema kifaa cha Harrison cha kuchunguza betri ni jambo dhahiri. Kwamba iko hati ya Wajerumani ya kupima joto la kila seli betri ikichajiwa, na iko hati ya Wakorea ya kupima joto la simu iliyozimwa, na kwamba fundi wa kawaida angeziweka hizo mbili pamoja bila kuumiza kichwa. Halafu, chini kabisa, mkaguzi aliongeza kwamba mwombaji mwenyewe amekiri hivyo. Ukurasa wa tatu wa maombi ulisema: fundi yeyote anayeshika betri hizi kila siku angeliona jambo hili.

Sentensi hiyo niliiandika mimi.

Niliiandika chumbani kwetu International City, hapa Dubai, nimekaa kitandani na kompyuta mapajani, jirani wa upande wa pili wa pazia akikaanga samaki. Harrison alikuwa akinieleza na mimi naandika. Nilimuuliza umegunduaje, akasema si kugundua, ni kushika tu, fundi yeyote angeona. Nikaandika alivyosema, kwa sababu ndivyo watu wenye adabu wanavyosema kwetu, na kwa sababu nilikuwa na haraka ya kutuma kabla madam hajajua kwamba nafanya kazi yangu ya pembeni kwa ujuzi wa ofisi yake. Mimi, karani wa hataza, nilimwandikia mume wangu kitanzi kwa mkono wangu.

Madam alipojua alinisema dakika kumi bila kuvuta pumzi. Yeye ni wa hapa hapa, lakini bibi zake walitoka Unguja na Kiswahili chao hawajakiacha. Alipomaliza akalivuta faili akaanza kulisoma.

"Hizi hati mbili nnaziweza," aliniambia siku ile. "Huyu Mjerumani kasema mwenyewe, betri ikipumzika kipimo kizimwe, hamna cha kujua hapo. Keshakwenda njia nyengine kabisa. Lakini hii sentensi yako, Fridah, hii siiwezi. Mtu kakiri kwa mdomo wake."

Na cha ajabu ni kwamba si kweli. Harrison alifanya kazi kwenye duka la kubadilishia betri za pikipiki za umeme, zile za vijana wanaopeleka chakula majumbani. Mchana betri zinarudi zimepata joto la jua, zinapangwa kwenye rafu chumba cha baridi, na mafundi wanazipima kwa mashine wakati wa kuchaji. Mashine inasema zote nzima. Harrison akaanza kuzipapasa kwa mgongo wa mkono zikiwa zimelala tu, hazichaji, hazifanyi lolote, kama mama anavyopima homa ya mtoto. Akaona nyingine zinapoa zote sawasawa, na nyingine pembe moja inabaki na joto wakati pembe zake nyingine zimeshapoa, na hizo ndizo zilizokuja kuvimba wiki kadhaa baadaye. Joto hilo lilikuwa linatoka ndani. Akashona utepe wa vipimajoto unaozunguka betri na kufanya kazi hiyo ya mkono. Hakuna mashine iliyokuwa ikiangalia betri iliyolala.

Alianza kupapasa baada ya moto. Miaka mitatu iliyopita betri moja ya duka lile ilishika moto kwenye chumba cha vijana sita, mtaa wa pili kutoka kwetu. Hakufa mtu. Waliochunguza walisema ni chaja ya bei rahisi, duka likapewa onyo, na maneno yakaisha. Harrison hakuwa ameridhika na habari ya chaja lakini, kama kawaida yake, hakumwambia mtu.

Sasa duka limefungwa na visa yake imefutwa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja awe ameondoka nchini. Kiwanda kimoja cha Dubai Investments Park kilikuwa tayari kumwandikisha kazi na kutengeneza kile kifaa, kwa sharti moja: pingamizi la mkaguzi liondoke. Lisipoondoka, hawamhitaji. Maombi yameshatangazwa, michoro yote iko wazi kwa kila mtu, wanaweza kukitengeneza bure na yeye akiwa kwao Kitui anachunga mbuzi wa kaka yake. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafikiria. Nilitaka kumpiga mtu na sikujua nani.

Dawa aliyoipata madam ilikuwa moja. Tumtafute fundi wa kweli, mzoefu, aliyeshika betri zile zile, aandike tamko kwamba yeye hakuliona jambo hilo. Fundi wa kawaida wa mkaguzi ni mtu wa kufikirika. Sisi tumletee wa nyama na damu.

Ndiyo sababu Twaibu alikuwa amekaa mbele yetu, shati limepigwa pasi, kofia yake ya kufuma gotini. Twaibu ni Mganda wa Masaka. Ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa duka lile, ndiye aliyemfundisha Harrison kazi, na miezi miwili iliyopita alipata nafasi ya usimamizi kwenye kampuni nyingine ya betri. Hakuna betri iliyotoka dukani bila kibandiko chake cha kijani. Ni mtu anayejua anachojua na hafichi. Nilikuwa nikimpenda kwa hilo tu.

"Jambo dogo hili, mwanangu," madam alimwambia. "Nambie una miaka mingapi kwenye kazi."

"Kumi na moja, madam."

"Na hizi betri umezishika?"

"Kila siku."

"Uliwahi kuzishika zimelala? Hazichaji, zimekaa rafuni?"

Nilikuwa na vidole kwenye kibodi, nangoja jibu lolote, maana nilishaandika utangulizi na saa ya ukutani ilikuwa saa saba na nusu.

"Sema tu hapana, tumalize," Harrison alimwambia kwa upole.

"Akisema hapana haina nguvu," madam alisema. "Mkaguzi atasema hakuiona kwa sababu hakushika. Angeshika angeiona. Lakini sitaki aseme uongo vilevile. Twaibu, ulishika au hukushika?"

Twaibu aliigeuza kofia yake mara mbili. "Nilishika," alisema. "Zote nilikuwa nashika. Ndiyo kazi, unabeba, unapanga. Zingine nilikuwa nasikia ziko na moto upande moja. Nilijua ni jua. Mashine inasema mzima, mimi naweka sticker."

Madam alikaa wima. Mimi nilianza kuandika kwa kasi, kwa sababu hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Fundi wa miaka kumi na moja alilisikia joto lenyewe mkononi na hakuelewa. Mkaguzi gani angesema tena ni dhahiri?

"Hiyo inatosha," madam alisema. "Alhamdulillahi, hiyo inatosha kabisa."

"Haitoshi," Twaibu alisema. "Ukiandika zingine, watauliza ni gani. Andika ile ya moto."

Madam akauliza moto upi.

"Ile ya chumba ya Muzamiru," aliendelea, akimtazama Harrison. Muzamiru ni mdogo wake Twaibu, tumbo moja. Ndiye aliyekuwa akilala karibu na betri ile siku ya moto, akaungua mikono. "Mimi ndiyo nilimpatia kwa mkono. Asubuhi ile. Ilikuwa imelala usiku mzima kwa AC na kona moja bado iko na joto. Nilisikia. Nilishika tena nikasikia. Nikasema hii ni nini, halafu Muzamiru akasema kaka, yalla, haraka, nimechelewa. Nikamwekea sticker."

"Walisema ni chaja," Harrison alisema.

"Walisema."

"Twaibu, ilikuwa chaja."

"Wewe ndiyo unajua haikuwa chaja. Uliitengenezea mashine."

Harrison aliinuka. Sijawahi kumwona mume wangu akiinuka mbele ya mtu mkubwa namna ile. "Futa, Fridah," aliniambia. "Madam, naomba tuache. Nitaenda nyumbani, si mwisho wa dunia. Hiyo maneno haiandikwi."

Nitasema ukweli kwa sababu hakuna faida ya kuficha. Sikufuta. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaandika mpaka kwenye kibandiko, na niliyatazama maneno yale kwenye kioo kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake. Siku kumi na moja. Nilimwonea Twaibu huruma, na nilitaka aendelee kusema, yote mawili kwa wakati mmoja, na nilijichukia.

Madam aliondoa miwani. "Sikiliza, Twaibu. Faili hili si siri. Likishaingia, mtu yeyote duniani hulifungua akalisoma. Kampuni yako mpya italisoma. Polisi wakitaka watalisoma. Utakuwa umeandika kwa mkono wako kwamba uliijua betri ina joto ukampa mtu akalale nayo. Mimi wakala wa Harrison, si wako. Nnakwambia kama mama, toka humu ukatafute mwanasheria kwanza."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa tisa."

Twaibu alitazama saa. Ilikuwa saa nane na dakika tano. "Hakuna mwanasheria wa dakika hamsini na tano," alisema.

"Basi tuandike bila ile moja," Harrison alisema. "Tuandike zingine tu."

"Harrison, wewe mtu ya aibu sana," Twaibu alimwambia, na hakuwa na hasira. "Uliandika kila mtu angeona. Uliandika hivyo kwa sababu hukutaka watu waulize kwa nini fundi mkuu hakuona. Mimi nilijua siku ulinionyesha hiyo karatasi. Nikanyamaza, nikaona afadhali."

Nikamgeukia mume wangu. Hakunitazama. Alikuwa akiutazama mlango. Miaka tisa nilimtukana moyoni kwa kutojua kujisifu, na kumbe sentensi ile ilikuwa na sababu yake. Alimfunika rafiki yake na akaninyima hata mimi kujua. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na sikujua nimkasirikie kwa uongo wake au kwa wema wake.

"Ungeniambia," nilimwambia.

"Ungeandika nini tofauti?" aliniuliza.

Twaibu alivuta kiti karibu na meza yangu, akaanza kutaja tarehe, namba ya betri, saa aliyomkabidhi Muzamiru, kona ipi ilikuwa na joto. Alikuwa akikumbuka vyote. Mara moja tu alinisahihisha. Nilikuwa nimeandika kwamba hakuelewa, akataka niandike kwamba alisikia, akajiuliza, na bado hakuelewa. Madam alisema hivyo ndivyo bora zaidi kwa kesi, halafu akaonekana kama anatamani asingesema.

Alitia sahihi saa nane na dakika arobaini. Madam aliliambatisha tamko lile na hoja zake juu ya Mjerumani na Mkorea, akasoma yote mara ya mwisho, akasema mkaguzi hana pa kupenya hapa. Alisema polepole na hakutabasamu. Kisha akaniachia kiti chake ili nibonyeze mwenyewe, kwa kuwa jina la mtumaji kwenye maombi lilikuwa langu. Harrison alikuwa ameenda kusimama kwenye korido. Nilibonyeza. Namba ya kupokelewa ikaja saa nane na dakika hamsini na mbili, na hakuna aliyesema hongera.

"Shemeji, nipe kopi moja," Twaibu alisema.

Nilimwambia namtumia kwenye simu, ni rahisi zaidi.

"Hapana, ya karatasi. Naenda kwa Muzamiru sasa hivi, kabla hajasikia kwa watu." Alivaa kofia. "Nitamsomea mwenyewe. Vidole vyake bado havishiki karatasi."

Nilimchapishia. Aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaniuliza basi la International City linasimama upande gani wa barabara.