Kaimu Nguzo

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimepangiwa kazi ya kushikilia ghorofa. Mimi sicheki, na wewe usicheke.

Naitwa Profesa Elinihaki Mbwambo, Makamu Mkuu wa Chuo. Zamani nilikuwa mhandisi wa madaraja, nikala vumbi, nikalala kwenye mahema. Halafu wakanipa idara, wakanipa kitivo, wakanipa gari na dereva. Tangu hapo saruji naigusa siku ya kuweka jiwe la msingi tu, tena kwa mwiko uliofungwa utepe. Leo asubuhi tulikuwa tuzindue bweni jipya la wasichana. Wiki iliyopita Kileo, msimamizi wetu wa majengo, aliniambia nguzo moja ya chini ina ufa. Nikamjibu kama wakubwa wanavyojibu: "Tutalifanyia kazi."

Basi ndotoni nimesimama mlangoni mwa bweni hilo, joho mwilini, mkasi mkononi. Nguzo inakohoa.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba. Niite Profesa."

"Haya, Profesa. Naomba likizo. Nimepasuka."

"Tutalifanyia kazi."

"Mlisema hivyo wiki iliyopita." Inajikung'uta plasta, inaanza kuondoka.

"Wee! Utaratibu hauruhusu," naiambia. "Mtumishi haendi likizo bila mtu wa kumkaimu."

"Sawa. Niteulieni."

Hapo hapo tuko kwenye ukumbi wa Baraza la Chuo. Mwenyekiti ni kiti chenyewe, cha mninga, na hakuna aliyekikalia. Kinagonga sakafu kwa mguu wa mbele.

"Ajenda ni moja. Nani anakaimu nguzo?"

Wajumbe wote wanasoma maandishi ya kwenye chupa zao za maji.

"Profesa Mbwambo," kiti kinasema, "kwenye kila risala umeitwa nguzo ya chuo hiki. Uliwahi kukanusha?"

"Ile ilikuwa heshima tu, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Na hii ni heshima."

Wanapiga makofi. Makofi ya nini, jamani?

"Nitakaimu mpaka lini?"

"Mpaka hapo uteuzi utakapofanyika."

Nikajua nimekwisha. Chuoni kwangu kuna watu wamekaimu mpaka wakastaafu, na barua zao za uteuzi mimi ndiye niliyezikalia.

Narudi bwenini bila kutembea. Ghorofa zote zinashuka taratibu na kukaa kichwani mwangu. Shingo inalia kwa uchungu. Lakini hesabu zangu za zamani zinarudi zenyewe: najua uzito wa kila kitanda, najua boriti ipi inanionea. Naona raha, ndiyo, raha kabisa. Miaka yote hii ya vyeo, na ndiyo kwanza nafanya tena kazi niliyoisomea.

Ndipo wasichana wanaingia na magodoro.

"Mbona nguzo hii ina joho?" anauliza mmoja mrefu.

"Ndiyo fasheni," mwenzake anamjibu. "Anika taulo lako hapo."

Ananianikia taulo bichi usoni, analibana sikioni kwangu kwa kibanio cha nguo.

"Wanangu, tokeni," nasema. "Sitaweza kuwabeba wote."

"We! Nguzo inaongea."

"Inasemaje?"

"Inasema tutoke."

"Iambie tutalifanyia kazi."

Wanapanda ngazi wakicheka. Nawahesabu kwa uzito wao, mmoja mmoja, na kila mmoja ni mtoto wa mtu. Nataka kupiga kelele lakini taulo limenijaa mdomoni.

Ukuta unafunguka, taulo linachomoka, kibanio kinabaki sikioni. Mbele yangu naona mto Mkomba na daraja langu la kwanza, limebeba lori la ndizi wala halilalamiki.

"Mhandisi! Umepotea sana," linasema.

"Nimepanda vyeo."

"Hongera. Na kazi umemwachia nani?"

Nalichukia daraja lile kwa swali lake, nami ndiye niliyelijenga.

Juu ya daraja linapita gari langu. Dereva wangu yuleyule, na kwenye kiti cha nyuma imekaa nguzo, imepandisha mguu mmoja juu ya mwingine, inapigwa na kiyoyozi.

"Likizo imekwisha!" naiita. "Rudi kazini, wasichana wamejaa!"

Inashusha kioo kidogo tu.

"Samahani, kaka. Mimi siku hizi niko utawala."

Nikainama chini ya mzigo. Nikasikia mlio ninaoujua, mlio wa zege linapoamua.

Nikaamka. Mke wangu amekaa kitandani ananitazama kwa jicho ambalo silipendi.

"Baba Nakijwa, hiki ni cha nani?"

Anachomoa sikioni kwangu kibanio cha nguo, cha rangi ya waridi. "Sisi vibanio vyetu ni vya mbao. Cha nani?"

Shingo ilikataa kugeuka. Nikapapasa simu, nikampigia Kileo.

"Profesa, shikamoo! Karibu, kumependeza. Wasichana wameshaanza kuingiza magodoro."

"Watoe."

"Eti?"

"Watoe wote, sasa hivi. Ile nguzo."

"Lakini Profesa, mgeni rasmi yuko njiani. Si ulisema tutalifanyia kazi?"

"Nimelifanyia kazi usiku kucha, Kileo. Sasa nimeamka, na hakuna anayeishikilia ghorofa."