Mkamwana wa Shangazi

Binamu yangu hakuoa. Shangazi alimngojea alete mke, akangoja, akachoka, akaacha hata kuuliza. Kisha siku moja mwanawe akamletea roboti.

Ilikuwa na kimo cha stuli, magurudumu chini, ufagio tumboni na jicho moja jeusi kichwani. Binamu alieleza kazi zake kwa majivuno ya mtu aliyelipa: itafagia nyuzi na vipande vya nguo, itaokota pini, itamkumbusha mama dawa za presha, na kila jioni itampelekea yeye taarifa kwenye simu. Likitokea jambo lisilo la kawaida, itatuma papo hapo. Akaongeza, huku akitazama dirishani, kwamba ikionekana mama hawezi tena kukaa mwenyewe, atamhamishia kwake ghorofani na nyumba hii itapangishwa.

Nyumba ile Shangazi aliijenga kwa sindano. Alishona sare za shule tangu mumewe alipofariki, na mpaka leo akikuonyesha ukuta wa jikoni atakwambia huu ni kola, na paa lile ni mifuko ya suruali. Mimi ni mpwa wake, mchora vibao vya maduka, nakaa chumba cha uani. Niliposikia habari ya ghorofa damu ilinichemka. Huwezi kung'oa mti mzima ukaupanda kwenye kikombe. Nilitaka kumwambia binamu hivyo hivyo, ila Shangazi alinikazia jicho, nikaumeza mti wangu na kikombe changu.

Yeye aliizunguka roboti kama anayekagua kitambaa dukani.

"Mkamwana umeleta," akamwambia mwanawe, "ila hana kiuno."

Basi likawa ndilo jina lake. Kwanza alimshonea aproni ya mabaki ya sare, kwa sababu nyumbani kwa fundi hatembei mtu uchi. Kisha akaanza kumfunda. Mkamwana aliruka kona, akaambiwa. Alimeza chaki ya kukatia, akaambiwa, na akaambiwa tena kesho yake asije akasahau. Aliposema, "Wakati wa dawa umefika," Shangazi alimjibu, "Basi mkaribishe, mpe kiti," halafu akameza vidonge vyake. Betri ikimwishia mchana, wateja walielezwa kwa sauti ya chini kwamba amejilaza kidogo, siku hizi anachoka upesi, huenda ni mimba.

Kumsema ilikuwa haki ya mwenye nyumba peke yake. Jirani yetu tunamwita Mama Redio, maana hana pa kumzimia. Siku moja alikuja kupima gauni, akatoa maoni kwamba chombo hiki kinazurura tu. Shangazi akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Wangu namsema mimi. Wewe wako alikushinda mpaka akarudi kwao."

Mama Redio alitoka na gauni la mkono mmoja.

Nilikuwa nawasikia nikichanganya rangi uani. Shangazi alimsimulia Mkamwana mambo ambayo sisi hatukuwahi kusimuliwa: jinsi mashemeji walivyokuja kuchukua cherehani kabla hata matanga hayajaisha, naye akaikalia juu siku nzima, wakashindwa kumbeba. Alimgombeza, alimtania, aliangua kicheko. Nikasema moyoni, chombo hiki kimerudisha sauti ya nyumba.

Jumamosi moja asubuhi binamu akaja na pikapu na wabebaji wawili. Salamu yenyewe aliitoa huku ameshika mlango. Akamwambia mama afungashe nguo, vyombo vingine vitafuata. Shangazi akauliza nani amekufa. Binamu akasema hakuna aliyekufa, ila yeye si mtoto, anajua mama anaumwa nini, na anaumia kwamba sisi tuliomo humu ndani tumemficha.

Nilifoka. Nikamwambia kama ana ushahidi autoe, kama hana apakie wivu wake kwenye pikapu aondoke nao. Akanitupia simu yake nisome mwenyewe.

Nikasoma kwa sauti. "Asubuhi: mtu mmoja chumbani. Anaongea peke yake. Mchana: mtu mmoja. Anaongea peke yake, anabisha. Alasiri: mtu mmoja. Anacheka peke yake." Niliteremsha kidole, jana, juzi, wiki iliyopita. Kote ni hayo hayo.

Binamu alikuwa na machozi. Alisema bibi yetu alianza hivyo hivyo.

Nilidhani Shangazi atacheka, au atampiga mwanawe kwa rula. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimgeukia Mkamwana, aliyekuwa anafagia chini ya meza na aproni yake.

"Kumbe muda wote huu unaniona niko peke yangu?"

Mkamwana akaendelea kufagia. Shangazi akajitanda mtandio, akatoka kwenda kumuaga Mama Redio, na kwa jinsi alivyotembea nilijua kilichomuuma si ghorofa.

Nikajaribu kumweleza binamu kwamba mama yake alikuwa akiongea na hiyo hiyo roboti aliyoinunua. Akasema hilo ndilo baya zaidi: mtu mwenye akili timamu haongei na ufagio. Wabebaji wakainua cherehani, wakaitoa barazani. Mimi nikawafuata wasije wakaivunja, simu bado mkononi. Ndani akabaki binamu.

Pale alipokuwa amesimama palikuwa na vumbi lililokaa chini ya cherehani miaka mingi. Mkamwana akaliona, akaja mbio.

"Tafadhali inua mguu."

Binamu akasogea. Mkamwana akasogea naye. Kupitia dirishani tukamsikia akiiambia ipishe, itakwama. Ikarudia. Akaiambia ana haraka, haioni? Ikarudia. Sauti ya binamu ikapanda: iache ujeuri, nani aliyeinunua, inakula umeme wa nani, tena ndiyo iliyomletea balaa hili lote, na sasa inamfanyia kiburi mbele ya watu. Kisha akanyamaza kidogo, kama anayengoja aombwe radhi.

Simu ikalia mkononi mwangu. Shangazi na Mama Redio walikuwa wamefika kwenye ngazi ya baraza. Nikasoma, na sikuona sababu ya kusoma polepole wala chini.

"Jambo lisilo la kawaida. Mtu mmoja chumbani. Anaongea peke yake, anafoka."

Wabebaji wakaangaliana. Mmoja akaitua cherehani chini, akachungulia mlangoni kwa adabu zote.

"Tajiri, na wewe tukupakie?"

Mama Redio alikaa chini kwa kucheka. Binamu alitoka, mguu mmoja ameuinua bado, akaitazama simu, akatutazama sisi, akamtazama mama yake. Uso ulimpanda na kushuka. Mwishowe alisema, kwa sauti ya mtu aliyebanwa kidole mlangoni, kwamba cherehani irudishwe ndani. Hakuna aliyezungumzia ghorofa tena, wala kupangisha.

Ungedhani yameisha. Lakini Shangazi alikuwa amenuna. Alimvua Mkamwana ile aproni, akaikunja, akaiweka kabatini. Dawa alimeza zikitajwa, mguu aliinua akiombwa, ila neno halikumtoka. Nyumba ikawa kimya kama duka la masanduku ya maiti, nami nikawa nakosea herufi kwenye vibao.

Binamu alipiga simu akihema. Taarifa zinasema mtu mmoja, kimya, asubuhi kimya, jioni kimya, mama anaumwa? Mama akasema haumwi. Binamu akamsihi basi azungumze nayo kidogo, kama zamani.

"Mimi ndiye mkubwa humu ndani," Shangazi akasema. "Sianzi."

Jumapili binamu alikuja, safari hii bila pikapu. Alivua viatu mlangoni. Akamweka mama kwenye kiti chake, akamsogeza Mkamwana upande wa pili, mwenyewe akakaa katikati juu ya stuli, magoti yamemfika kidevuni, akasafisha koo. Alitaka kuanza, akakwama. Nadhani hakujua roboti huitwaje kwenye kikao. Kisha akainama.

"Haya mama, mkamwana wako huyu hapa. Sema alilokukosea."

Shangazi akajitanda vizuri, akaanza tangu siku ya kwanza. Nilipotoka kwenda kununua rangi alikuwa bado yuko kwenye chaki.